Jumanne ya Wamarekani Machoni pa Kericho na Bomet

Sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1845 iliweka siku ya kumchagua rais kuwa Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, na sababu inayotolewa mara nyingi ni ya kilimo: mavuno yalikuwa yamekwisha kuingia ghalani, Jumapili ilikuwa ya ibada, Jumatano ilikuwa ya soko, na mwenye kusafiri kwa farasi alihitaji siku nzima kufika mahali pa kupigia kura. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imechagua Jumanne, ile ya pili ya Agosti katika kila mwaka wa tano, ingawa mkulima wa Litein au Mogogosiek hana mavuno yanayokwisha, kwa kuwa majani chai huchumwa mwaka mzima na kituo cha kununulia majani hakingojei siasa. Kufanana huko kwa siku ni kwa juu juu tu, kwani chini yake zimo njia mbili za kuhesabu kura zisizofanana hata kidogo, na mtazamaji aliyelelewa na chaguzi za kaunti za majani chai za Kericho na Bomet anapoutazama uchaguzi wa Marekani kwenye televisheni hugundua upesi kwamba kinachomtatiza si wagombea wala maneno yao, bali ni hesabu.

Jambo la kwanza kumshangaza ni kukosekana kwa mtangazaji. Nchini Kenya mshindi wa urais hutangazwa na mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, baada ya fomu za vituo, zinazoitwa Fomu 34A, kujumlishwa katika maeneobunge na hatimaye katika ukumbi wa taifa. Mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya tume hiyo, na kila mwenye simu na subira aliweza kujijumlishia mwenyewe. Marekani haina chombo cha namna hiyo. Ipo tume ya taifa inayofuatilia fedha za kampeni, lakini haihesabu kura hata moja. Kila jimbo kati ya majimbo 50 huendesha uchaguzi kwa sheria zake, mara nyingi kupitia maofisa wa kaunti ambao baadhi yao wenyewe wamechaguliwa kwa tiketi za vyama, jambo ambalo Mkenya yeyote aliyewahi kuwa wakala wa chama kituoni angelipinga papo hapo. Jina linalosikika duniani usiku wa matokeo halitoki serikalini bali kwenye vyombo vya habari, hasa shirika la Associated Press, ambalo limekuwa likikusanya matokeo ya urais tangu mwaka 1848. Mwaka 2024 shirika hilo lilimtaja Donald Trump kuwa mshindi saa kumi na moja na dakika 34 alfajiri ya Novemba 6 kwa saa za Washington, ambayo kwa Kericho ilikuwa saa saba na dakika 34 mchana, wakati majani ya asubuhi yamekwisha kupimwa. Matokeo rasmi yalikuja wiki kadhaa baadaye, bila wengi kuyangojea.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba Mmarekani anapopiga kura ya urais hamchagui rais moja kwa moja. Anachagua kundi la watu wa jimbo lake wanaoitwa wajumbe maalum, ambao ndio watakaopiga kura ya urais mwezi Desemba. Idadi ya wajumbe wa jimbo hupatikana kwa kujumlisha wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi na maseneta wake, ambao ni wawili kwa kila jimbo bila kujali ukubwa. Kwa kuwa wawakilishi ni 435 na maseneta 100, na jiji kuu la Washington limepewa wajumbe watatu tangu mwaka 1961, jumla yao ni 538, na anayefikisha 270 ndiye rais. Katika majimbo 48 na katika jiji hilo kuu, mgombea anayeongoza hata kwa kura moja huchukua wajumbe wote. Ni Maine na Nebraska pekee zinazogawa sehemu ya wajumbe wao kwa kufuata wilaya za ubunge.

Mkulima mdogo wa majani chai ana njia rahisi kuliko Wakenya wengi ya kuuelewa mpango huu, kwa sababu yeye mwenyewe anaishi ndani ya mpango unaokaribiana nao. Shirika la Ustawi wa Majani Chai, linalojulikana zaidi kwa kifupi cha KTDA, linamilikiwa na kampuni za viwanda vya wakulima, kama vile Momul, Tegat, Kapkatet na Litein kwa upande wa Kericho, na Kapkoros, Tirgaga na Kapset kwa upande wa Bomet. Mkulima hapigi kura ya kumchagua mwenyekiti wa shirika zima. Humchagua mkurugenzi wa kiwanda katika eneo lake la uchaguzi, wakurugenzi wa viwanda vya kanda humchagua mmoja wao aende Nairobi kukaa katika bodi ya taifa, na wajumbe hao wa kanda 12 ndio wanaopata mwenyekiti miongoni mwao. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na wafuasi wengi mno katika vituo vya kununulia majani vya kanda moja na bado asisikike kabisa kwenye bodi, kwa kuwa wingi huo hauvuki mpaka wa kanda yake. Wakulima wamebishana kwa miaka mingi kama kura ya mkurugenzi ihesabiwe kwa kichwa, kila mkulima kura moja, au ipimwe kwa hisa alizonazo katika kiwanda, na mabishano hayo, yanayowaka zaidi msimu wa bonasi, ni mabishano yale yale ya Wamarekani kuhusu wajumbe maalum yakiwa yamevaa gambuti.

Tofauti moja haina budi kutajwa. Mkurugenzi wa kiwanda anatarajiwa kutumia akili yake akifika bodini, ilhali mjumbe maalum wa Marekani hatarajiwi kufikiri chochote. Majimbo mengi yamemfunga kwa sheria ampigie yule aliyeshinda katika jimbo, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 2020 kwamba majimbo yana haki ya kumfunga hivyo. Waliouanzisha mpango huu kwenye mkutano wa katiba wa Philadelphia mwaka 1787 walikuwa na hoja kadhaa, lakini mojawapo haikuwa na heshima: majimbo ya kusini yalikuwa na watumwa wengi wasioruhusiwa kupiga kura, na kwa kuwa watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu katika kugawa viti vya uwakilishi, majimbo hayo yalipata wajumbe wengi kwa kuwahesabu watu ambao hayakuwapa kura. Kenya nayo iliwahi kuonja mizani ya aina hiyo. Katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza ambao Waafrika waliwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, sifa za elimu, mali na utumishi zilimwezesha mpiga kura mmoja kuwa na hadi kura tatu huku jirani yake akiwa na moja au akikosa kabisa, na ni kwa utaratibu huo Daniel arap Moi alichaguliwa kuliwakilisha Bonde la Ufa.

Namna mizani ya wajumbe maalum wa Marekani inavyopinda leo huonekana vizuri zaidi kwa takwimu za nyumbani. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 901,777 Kericho na 875,689 Bomet. Jimbo la Wyoming, katika sensa ya Marekani ya mwaka 2020, lilikuwa na watu 576,851, yaani pungufu kuliko Bomet peke yake, na bado lina wajumbe watatu, kwa kuwa hakuna jimbo linaloweza kupewa chini ya hao. California, yenye watu wapatao milioni 39, ina wajumbe 54. Hesabu ikigawanywa, mjumbe mmoja wa Wyoming anasimama badala ya watu takriban 192,000, ilhali wa California anasimama badala ya zaidi ya 700,000.

Hata hivyo Wyoming, pamoja na uzito wake huo wa kupewa, haitembelewi na wagombea, na hapa ndipo mtazamaji wa nchi ya majani chai anapopaswa kutulia zaidi. Wyoming hujulikana mapema kuwa itakwenda kwa chama cha Republican, California hujulikana mapema kuwa itakwenda kwa Democratic, na kwa kuwa mshindi wa jimbo huchukua wajumbe wote awe ameshinda kwa asilimia 51 au 95, hakuna mgombea mwenye sababu ya kuongeza kura mahali alipokwisha kushinda wala kuzitafuta mahali alipokwisha kushindwa. Mwaka 2024 kampeni zilibanwa katika majimbo saba yenye ushindani mkali, yaani Pennsylvania, Georgia, North Carolina, Michigan, Arizona, Wisconsin na Nevada, yenye wajumbe 93 kwa jumla. Trump aliyachukua yote saba akafikisha wajumbe 312 dhidi ya 226 wa Kamala Harris. Lakini Pennsylvania, Michigan na Wisconsin, ambako tofauti yao kwa jumla ilikuwa kama kura 230,000, zina wajumbe 44, na lau Harris angezishinda tatu hizo angefikisha 270 kamili na kuwa rais, hata kama Trump angebaki mbele kwa kura za nchi nzima.

Takwimu hiyo ya 230,000 ina pacha wake nchini Kenya. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za hayati Raila Odinga, tofauti ya 233,211. Kericho na Bomet kila moja ilimpa Ruto zaidi ya asilimia 90 ya kura zilizopigwa, na waliojitokeza walipita kwa mbali wastani wa taifa uliokuwa kama asilimia 65, kiasi kwamba kaunti moja tu kati ya hizi mbili ilimpa kura nyingi kuliko tofauti yote ya taifa. Hapo ndipo njia hizi mbili zinapoachana. Chini ya kanuni ya Marekani, kura za ziada za Kericho zingekuwa majani yaliyofika kituoni baada ya lori kuondoka: wajumbe wa Kericho wangekuwa wale wale, watu wakijitokeza kwa asilimia 80 au 30, na wagombea wangepitia barabara ya Kericho bila kusimama, wakikimbilia Narok na Bungoma ambako ushindani huwa wa kweli. Chini ya kanuni ya Kenya, kila kura huhesabiwa pale taifa linapojumlishwa, iwe imetoka ngomeni au ugenini, na hata wachache wa Bomet waliompigia Odinga hawakupoteza kitu, kwa kuwa kura zao ziliongezwa kwenye zake za Kisumu na Mombasa. Mfuasi wa Republican aliyeko California hana faraja hiyo. Mwaka 2020 zaidi ya watu milioni sita wa jimbo hilo walimpigia Trump, na kati ya wajumbe wa jimbo lao hakupata hata mmoja.

Si haki, hata hivyo, kuisifu njia ya Kenya pasipo kutaja gharama yake. Palipo na thamani katika kila kura ya ziada ya ngomeni, pana pia shinikizo la kuifanya ngome iseme kwa sauti moja, na mtu wa Sotik au Ainamoi mwenye mawazo tofauti anajua uzito wa shinikizo hilo kanisani, sokoni na hata nyumbani. Waandishi wa Katiba walilijua hilo, ndiyo maana waliongeza masharti mawili: mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na apate angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47, sharti ambalo chanzo chake ni lile la mwaka 1992 lililodai robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Asipotimiza yote mawili, wawili wa kwanza hurudi kwa wananchi katika duru ya pili ndani ya siku 30. Kwa kipimo hicho, Trump wa mwaka 2024, aliyepata takriban asilimia 49.8 ya kura zote, angelazimika kurudi uwanjani na Harris. Na Trump wa mwaka 2016, aliyepata asilimia 46 na kuachwa nyuma na Hillary Clinton kwa kura karibu milioni 2.9, angeingia duru ya pili akiwa wa pili. Joe Biden wa mwaka 2020, mwenye asilimia 51.3, angevuka kizingiti cha nusu. Kwa suala la kuhesabu peke yake, uamuzi wa haki ni kwamba Kenya imeipita Marekani.

Suala la kukubali matokeo ni jingine, na nchi ya majani chai haina cha kujivunia hapo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa mashamba makubwa ya Kericho waliotoka jamii nyingine walishambuliwa na kufukuzwa katika makazi yao, na mwishoni mwa Januari 2008 mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, aliuawa kwa kupigwa risasi mjini Eldoret, tukio lililochochea machafuko zaidi. Wamarekani walioyatazama hayo wakati huo kama ugonjwa wa mbali walikuja kuona umati ukivamia jengo la Bunge lao Januari 6, 2021, siku ambayo wabunge walikuwa wakihesabu kura za wajumbe maalum. Mahakama nazo zimetenda tofauti. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa urais Septemba 1, 2017 na kuamuru urudiwe, jambo lililokuwa halijatokea Afrika, na mwaka 2022 ikauidhinisha ule uliopingwa. Ile ya Marekani, katika kesi ya George W. Bush na Al Gore ya Desemba 2000, ilisimamisha kuhesabiwa upya kwa kura za Florida kwa uamuzi wa majaji watano dhidi ya wanne, na Bush akaingia Ikulu kwa ushindi wa kura 537 katika jimbo hilo moja, ilhali Gore alikuwa amempita kwa zaidi ya nusu milioni katika nchi nzima.

Kura hizo 537 zilifika Kericho. Bush ndiye aliyetangaza Januari 2003 mpango wa dharura wa rais wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, unaoitwa PEPFAR, uliolipia dawa za kupunguza makali ya virusi kwa mamilioni ya Waafrika, na Kericho ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo fedha hizo zilionekana mapema, kwa kuwa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, tayari ilikuwa ikishirikiana huko na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani yenye jina la Walter Reed. Watafiti wao waliwafuatilia wafanyakazi zaidi ya 2,000 wa mashamba ya majani chai ili kujua maambukizi mapya hutokea kwa kasi gani, na baadaye Kericho ikawa mojawapo ya vituo vya majaribio ya chanjo. Hakuna awezaye kusema Gore angefanya nini. Linaloweza kusemwa ni kwamba aliyefanya ni mtu aliyeletwa na hesabu ya wajumbe, na wagonjwa walioishi kwa dawa hizo hawakuwa na kura Florida.

Njia iliyoleta ndiyo iliyoondoa. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Trump alitia saini agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ingawa baadaye huduma za kuokoa maisha ziliruhusiwa kuendelea, wahudumu wengi wa afya waliokuwa wakilipwa na fedha hizo nchini Kenya walikuwa wamekwisha kuambiwa wabaki nyumbani. Shirika la misaada la USAID lilifungwa rasmi Julai 1 mwaka huo. Aprili bidhaa za Kenya ziingiazo Marekani zilikuwa zimetozwa ushuru mpya wa asilimia 10, ambao kwa majani chai uliondolewa Novemba, pigo lililokuwa jepesi kwa wakulima kwa sababu wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya ni Pakistan, Misri na Uingereza.

Wapo wenyeji ambao uhusiano wao na Marekani haupiti serikalini kabisa. Hospitali ya Tenwek, nje kidogo ya mji wa Bomet, ilianzishwa mwaka 1937 na wamisionari wa World Gospel Mission kutoka Marekani, ambao kazi yao ndiyo pia chimbuko la kanisa la Africa Gospel lililoenea Kericho na Bomet, na hadi leo madaktari Wamarekani hufanya kazi na kufundisha hapo. Makanisa ya kiinjili yanayowatuma na kuwachangia watu wa namna hiyo yamo ndani ya kundi ambalo, kwa mujibu wa kura za maoni za vituoni, karibu wanane kati ya kila weupe kumi wake walimpigia Trump. Muumini wa Bomet anayemsikia daktari akiombea maskini, kisha akasikia redioni kwamba msaada wa maskini umekatwa na aliyechaguliwa na makanisa ya daktari huyo, ana haki ya kuchanganyikiwa, ingawa wako Wakristo wa Marekani waliochanganyikiwa vilevile na wakasema hadharani.

Desemba 4, 2025 Kenya na Marekani zilitia saini mjini Washington makubaliano mapya ya afya ya miaka mitano, ambapo Marekani iliahidi hadi dola bilioni 1.6 na Kenya ikaahidi kuongeza dola milioni 850 za matumizi yake yenyewe, fedha zikipitia serikalini badala ya mashirika ya kati. Muhula wa Trump unaisha Januari 20, 2029, kabla ya miaka hiyo mitano kutimia. Wapiga kura wa Kericho na Bomet watamchagua rais wao Jumanne, Agosti 10, 2027. Atakayeisimamia sehemu ya mwisho ya makubaliano hayo kwa upande wa Marekani atachaguliwa Jumanne, Novemba 7, 2028, na wajumbe 538.